Picha Isemayo Ukutani: Somo juu ya Kufundisha Mwenendo Mwema Shuleni



Kila mzazi ataka mtoto wake awe na adabu, na kila mwalimu ataka vilevile. Lakini tukiuliza, «Adabu hufundishwaje?», majibu huwa mengi. Mmoja husema kwa fimbo, mwingine kwa maonyo, wa tatu kwa zawadi. Katika shule za Marekani wamekuwapo walimu waliojaribu njia nyingine tena: kuifundisha adabu kwa picha inayoonekana katika kioo cha simu, kana kwamba imekaa juu ya ukuta halisi wa shule.

Leo tutasoma habari ya njia hiyo. Tutaona ni kitu gani, hufanywaje, ina faida gani na ina mipaka gani. Mwisho tutapima ni lipi linalotufaa sisi, hata mahali pasipo na simu wala umeme. Someni polepole. Asiyeelewa sehemu moja airudie kabla ya kuendelea, kwa maana kila sehemu imejengwa juu ya ile iliyotangulia.

1. Uhalisia ulioongezwa ni kitu gani?

Mtu aweza kuona kitu kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni kukiona chenyewe: mti, mbuzi, mlango. Namna ya pili ni kuona picha yake iliyochorwa kitabuni au kuonyeshwa katika sinema; hapo kitu chenyewe hakipo, ipo sura yake tu. Namna ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili: macho yaona mahali halisi, na juu ya mahali hapo huonekana picha iliyoongezwa kwa mashine. Namna hii ya tatu wataalamu wameiita uhalisia ulioongezwa, maana yake ulimwengu halisi uliotiwa nyongeza.

Angalieni mfano huu. Ukutani pamebandikwa karatasi yenye picha ya ndege. Ukiitazama kwa macho matupu, ndege hasogei. Ukiinua simu yenye programu iliyotayarishwa, ukaielekeza kwenye karatasi ile, utauona katika kioo ukuta uleule, na ndege akipiga mabawa juu yake. Ukishusha simu, ndege ametulia tena. Hakuna uchawi hapo, wala hakuna kitu kilichoongezeka ukutani. Kilichoongezeka kimo katika kioo cha simu tu. Likumbukeni jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1968, huko Marekani, mtaalamu Ivan Sutherland alionyesha chombo cha kuvaliwa kichwani, ambacho kilimwezesha mtu kuona mistari ya kuchorwa ikielea mbele ya macho yake chumbani. Chombo kile kilikuwa kizito hata ikalazimu kitegemezwe darini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Thomas Caudell wa kampuni ya ndege ya Boeing akalipa jambo hili jina lake. Yeye alikusudia kuwaonyesha mafundi mahali pa kupitisha nyaya nyingi za ndege pasipo kuchanganyikiwa. Mwezi wa Julai 2016 ukatokea mchezo wa simu uitwao Pokémon GO, na watu mamilioni wakaonekana barabarani wakitafuta vinyama vya kubuni kwa simu zao. Tangu hapo wengi wakalijua jambo ambalo zamani lilikuwa la wataalamu peke yao.

Simu hujuaje mahali pa kuweka picha? Kamera yake ni kama jicho. Katika karatasi iliyo ukutani jicho hilo hutafuta alama zisizosahaulika upesi: pembe, ncha, na mahali ambapo rangi nyeusi hukutana na nyeupe. Programu hulinganisha alama hizo na zile zilizowekwa mbele katika kumbukumbu yake. Zikipatana, hupima karatasi iko mbali kadiri gani na imeinama upande gani, kisha huweka picha yake juu ya karatasi kwa kipimo kilekile. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi katika sekunde moja, hata picha ikaonekana kushikamana na ukuta. Ndiyo sababu karatasi yenye rangi moja tu haifai, kwa kuwa haina alama; na mahali penye giza hapafai, kwa kuwa jicho la simu halioni.

2. Shule za Marekani zilitafuta nini?

Tusidhani kwamba walimu wale walianza na simu. Walianza na taabu ile ambayo kila shule huijua: kelele, kusukumana, matusi, kuchelewa, kudhulumu wadogo.

Kwa muda mrefu dawa iliyotumika ilikuwa adhabu. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba katiba ya nchi ile haikatazi fimbo shuleni, na hata leo majimbo kadhaa bado yairuhusu. Mahali pengine mtoto mkosefu hutolewa shuleni kwa siku kadhaa. Lakini mtoto aliyetolewa hukosa masomo, na akirudi amebaki nyuma. Aliyebaki nyuma huchoka, na aliyechoka hufanya fujo tena. Hivyo adhabu yaweza kulizalisha kosa lilelile iliyokusudia kuliua.

Sheria ya nchi ile juu ya elimu ya watoto wenye ulemavu iliporekebishwa mwaka 1997, Serikali ilisaidia kuanzishwa kituo cha kuzifundisha shule njia nyingine. Miongoni mwa viongozi wake walikuwa wataalamu George Sugai na Robert Horner, na Chuo Kikuu cha Oregon kilikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo. Njia yao twaweza kuiita kwa Kiswahili Kutegemeza Mwenendo Mwema. Leo shule zaidi ya 25,000 za Marekani zaifuata.

Wazo lao ni jepesi kulieleza. Mfuma mikeka hampigi mwanafunzi wake kwa kutojua kufuma, ikiwa bado hajamwonyesha ukindu unavyopita. Kwanza humwonyesha, kisha humshika mkono, kisha humwacha ajaribu, kisha humsahihisha. Vivyo hivyo mwenendo mwema ni kazi inayojifunzwa. Mtoto mmoja amejifunza nyumbani kungoja zamu. Mwingine hakuonyeshwa kamwe. Kuwaambia wote wawili, «Kuweni na adabu!», ni kusema neno ambalo mmoja analielewa na mwenziwe halielewi.

Basi, shule hizo hufuata hatua tano.

Hatua ya kwanza: huchagua maagizo machache, tatu hadi tano, yanayosema lipasalo kufanywa. Kwa mfano: Tuheshimiane, Tutimize wajibu wetu, Tujilinde na hatari.

Hatua ya pili: huonyesha maana ya kila agizo katika kila mahali. Kuheshimiana darasani ni kumsikiliza anayesema; kuheshimiana njiani ni kupisha; kuheshimiana chooni ni kumwachia mwenzako faragha yake.

Hatua ya tatu: walimu huwaonyesha wanafunzi tendo lenyewe, mahali penyewe, na kuwazoeza.

Hatua ya nne: mtoto akitenda vema, huambiwa, maana walimu wengi hunyamaza mbele ya wema na kupaza sauti mbele ya kosa.

Hatua ya tano: makosa husahihishwa kwa utaratibu na kuandikwa, ili ijulikane ni wapi, saa ngapi na kwa sababu gani yanatokea. Daftari likionyesha kwamba ugomvi mwingi hutokea mlangoni saa ya chakula, mwalimu husimama mlangoni saa hiyo.

Wataalamu hao husema kwamba kadiri ya watoto 80 katika 100 hutosheka na mafundisho ya wote. Kadiri ya 15 huhitaji kusaidiwa zaidi katika vikundi vidogo, na kadiri ya 5 huhitaji msaada wa mmoja mmoja. Je, njia hii yafaa kweli? Katika jimbo la Maryland ilijaribiwa kwa miaka mitano katika shule za msingi 37. Nyingine ziliifuata, nyingine hazikuifuata, na kuchaguliwa kwao kulifanywa kwa kura. Habari iliyotolewa mwaka 2010 ilionyesha kwamba katika shule zilizoifuata, watoto waliotolewa shuleni na waliopelekwa kwa mkuu kwa makosa walipungua.

3. Picha yaingia shuleni

Sasa twaweza kuelewa kwa nini walimu wengine waliipokea simu. Hatua ya tatu, ile ya kuonyesha tendo mahali penyewe, ni ngumu. Mwalimu ni mmoja na mahali ni pengi. Mwanzo wa mwaka huwaonyesha wote. Mwezi wa nne wamesahau. Mwezi wa tano anakuja mtoto mgeni ambaye hakuonyeshwa lolote.

Mwaka 2011 ilitokea programu iitwayo Aurasma, iliyotengenezwa na Autonomy, kampuni ya Cambridge katika Uingereza. Kwa programu hiyo mtu asiye fundi aliweza kuifunga video kwenye picha yoyote ya karatasi. Walimu wakaitumia hivi. Waliwaita wanafunzi wao wenyewe waigize tendo jema, kwa mfano kunawa mikono chooni: kufungua maji kidogo, kunawa, kufunga bomba, kutupa karatasi mahali pake, kutoka pasipo kusukumana. Wakapiga video fupi. Kisha wakabandika karibu na bomba bango lenye agizo na picha, wakaifunga video ile kwenye bango. Mtoto aliyeinua tableti mbele ya bango aliwaona wenzake wakitoka ndani ya karatasi, kana kwamba wanamwonyesha kazi palepale.

Njia hii ina faida nne.

Faida ya kwanza ni mahali. Fundisho lapatikana palepale tendo linapofanywa. Neno juu ya bomba likisemwa darasani, husahauliwa njiani.

Faida ya pili ni kurudia bila haya. Mtoto mgeni, au mzito wa kuelewa, aweza kutazama mara tano pasipo mtu kumcheka. Video haichoki wala haikasiriki. Walimu wa watoto wenye usonji wametumia kwa miaka mingi video za kuonyesha tendo hatua kwa hatua, kwa sababu watoto wengi wa namna hiyo hushika upesi wanachokiona kuliko wanachoambiwa.

Faida ya tatu ni kwamba mfano watoka kwa wenzao. Mtoto akimwona mtoto wa kimo chake akingoja zamu, ajua kwamba jambo hilo lawezekana kwake pia.

Faida ya nne, nayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote, ni ya wale waliotengeneza video. Ili kuigiza heshima, hawana budi kwanza kuulizana: «Heshima hapa mlangoni ni nini hasa? Nani apite kwanza? Aliyebeba mzigo afanyiwe nini?» Maswali hayo huwafundisha kuliko picha yenyewe.

Nguvu ya mfano ilichunguzwa zamani. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, mtaalamu Albert Bandura na wenzake waliwachukua watoto wadogo 72. Wengine waliona mtu mzima akimpiga na kumtukana mwanasesere mkubwa. Wengine waliona mtu mzima akicheza kwa utulivu. Wengine hawakuonyeshwa mtu. Waliomwona mpigaji walimwiga, hata maneno yake wakayarudia. Mwaka 1963 wakatoa habari ya jaribio jingine: watoto walioonyeshwa mpigaji katika sinema tu, nao waliiga. Basi picha ina nguvu kweli. Lakini angalieni: majaribio yale yalionyesha ubaya ukiigwa. Picha hubeba lolote tunalotia ndani yake.

4. Mipaka ya njia hii

Sasa tuipime njia hii pasipo kuisifu mno wala kuidharau.

Mpaka wa kwanza: picha yaonyesha, lakini haimwoni mtoto. Bango halijui kwamba mtoto huyu asukuma wenzake kwa sababu hakula tangu jana, wala kwamba yule analia kwa kuwa amefiwa. Mwalimu ajua, au aweza kuuliza. Tena picha huonyesha vema matendo ya nje, kama kunawa, kupanga mstari na kufunga mlango. Haionyeshi kwa urahisi kusema kweli wakati uongo ungemwokoa mtu na aibu, au kumtetea mnyonge wakati wote wanamcheka. Mambo hayo hujifunzwa katika maisha, mbele ya watu.

Mpaka wa pili: zawadi yaweza kuua upendo wa tendo. Shule nyingi za njia hii huwapa watoto tiketi au vitu vidogo wakitenda vema. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walitoa habari ya watoto wa miaka 3 hadi 5 waliopenda kuchora. Wengine waliahidiwa cheti kizuri wakichora, wengine walipewa pasipo kuahidiwa, wengine hawakupewa. Baadaye walipoachwa wacheze watakavyo, wale walioahidiwa walichora kwa muda upatao nusu tu ya wenzao. Wale waliopewa pasipo kuahidiwa hawakupoteza hamu. Hii si kusema kwamba tusisifu kamwe. Maana yake ni kwamba tusimnunue mtoto kwa jambo ambalo angelifanya kwa moyo wake.

Mpaka wa tatu: chombo chaweza kuiba macho. Mwaka 2016, mchezo ule tuliotaja ulipoenea, watu walionekana wakiwinda vinyama vya kubuni hata ndani ya jumba la Washington linalotunza kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, na wakuu wa jumba hilo wakaomba wageni wasicheze mle. Watu wale walikuwa mahali pa machozi, na macho yao yaliona mchezo. Basi, mtoto anayejifunza heshima kwa simu aweza kumsahau mtu aliyesimama mbele yake, ambaye ndiye anayestahili heshima hiyo.

Mpaka wa nne: sura ya mtoto si kitu cha kutupwa ovyo. Video ya mtoto yaweza kupita katika intaneti na kufika kwa watu asiowajua. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 yakataza makampuni ya intaneti kukusanya habari za watoto walio chini ya miaka 13 pasipo ruhusa ya wazazi. Mwalimu mwenye busara huomba ruhusa ya wazazi kwanza, wala hapigi kamwe picha ya mtoto halisi akikosa ili wengine wajifunze. Kumwaibisha mmoja ili kuwafundisha wengi ni kufundisha ukatili kwa jina la adabu.

Mpaka wa tano: chombo hufa. Programu ya Aurasma ilibadilishwa jina ikaitwa HP Reveal, na mwaka 2020 ikafungwa. Mabango yaliyoitegemea yakanyamaza. Karatasi zilibaki ukutani, lakini aliyeinua simu mbele yake aliona karatasi tu. Hapo ndipo shule ilipopimwa. Ikiwa watoto walikuwa wamezoea tendo lenyewe, hawakupoteza kitu. Ikiwa walikuwa wamezoea kutazama picha tu, walirudi mahali walipoanzia.

5. Kilichomo ndani ya simu

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa Kongo, na haifai kulinyamazia. Betri za simu nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani yatoka katika nchi yetu, hasa upande wa Katanga ya zamani, kama Kolwezi. Mwaka 2014 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto, UNICEF, lilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Kongo.

Fikirini basi. Simu inayomfundisha mtoto wa mbali kungoja zamu yake yaweza kuwa na ndani yake jiwe lililooshwa na mtoto wa hapa, ambaye hakwenda shule siku ile. Hatusemi hivyo ili kuwalaumu walimu wa huko, ambao wengi wao hawajui habari hiyo. Twasema ili tujue kwamba mwenendo mwema wawahusu pia wakubwa: wanaonunua, wanaouza, na wazazi wanaochagua kati ya mfuko wa mawe na daftari. Mtoto hatapata adabu ya shule ikiwa shule hakuiona.

6. Tufanye nini katika vijiji vyetu?

Mtu atasema: «Sisi hatuna tableti. Somo hili si letu.» La, ndugu. Tukiondoa simu katika habari hii yote, yabaki mambo manne: maagizo machache, mahali penyewe, mfano wa kuonekana, na mazoezi. Hayo manne hayahitaji umeme.

Tuchukue kisima cha kijiji. Kila asubuhi watoto huja na madumu. Wakubwa husukuma wadogo, maji humwagika, matusi huruka. Wazee wamekwisha kusema mara nyingi, «Acheni fujo!», na fujo haijakoma. Wajaribu sasa hivi.

Kwanza wachague maagizo matatu yanayosema la kufanya: Aliyetangulia ateke kwanza. Mwenye nguvu amwinulie mdogo dumu lake. Kila mtu aache mahali pakavu.

Pili, wawakusanye watoto kisimani penyewe, wala si barazani. Wachague watoto watatu waigize: mmoja ateke, wa pili angoje, wa tatu amwinulie mdogo dumu. Wengine watazame. Kisha wote wafanye mmoja mmoja. Hiyo ndiyo picha isemayo, nayo haina haja ya betri.

Tatu, kwa majuma mawili mtu mzima mmoja asimame pale kila asubuhi. Akiona wema, autaje kwa jina lake: «Umemwinulia mwenzako dumu, ndivyo tulivyopatana.» Neno hilo lamfundisha mtoto kuliko kumwambia tu, «Wewe ni mtoto mzuri.» Akiona kosa, asipige kelele. Amwite mtoto kando na kumwambia: «Njoo, mwanangu. Nionyeshe namna tuliyojifunza.» Mtoto arudi nyuma, afanye upya kwa haki, kisha ateke maji yake.

Nne, wazee watazame ni wapi na lini fujo yabaki. Pengine yabaki siku ya soko tu, kwa kuwa siku hiyo watu ni wengi. Basi siku hiyo wasimame wawili.

Lakini kuna jambo moja lililo zito kuliko hayo yote. Tuwaze kwamba watoto wamepanga mstari vizuri. Ndipo aja mtu mzima mwenye cheo, apita mbele ya wote, ateka, aenda zake, na hakuna anayesema neno. Asubuhi ile watoto wameona picha mbili: ile ya maagizo na ile ya mkubwa. Je, wataiga ipi? Mmekwisha kusoma juu ya watoto wale 72, mwajua jibu. Mtoto hutazama saa zote, hata tunapodhani hatazami, naye haitaji simu ili kuiona picha yetu. Ndiyo maana wahenga walisema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi, maagizo ya kisima yawafunge wakubwa kwanza. Mzee akingoja zamu yake nyuma ya mtoto wa miaka saba, amefundisha siku moja kuliko mabango ya mwaka mzima.

7. Maswali na majibu

Yasomeni kwa sauti, mmoja akiuliza na mwingine akijibu.

Swali: Uhalisia ulioongezwa ni nini?
Jibu: Ni kuona mahali halisi pamoja na picha iliyoongezwa juu yake kwa mashine.

Swali: Picha hiyo iko ukutani kweli?
Jibu: Hapana. Imo katika kioo cha simu tu. Simu ikishushwa, picha haipo.

Swali: Kwa nini haitoshi kumwambia mtoto, «Uwe na adabu»?
Jibu: Kwa sababu mtoto asiyeonyeshwa tendo hajui neno hilo lamtaka afanye nini.

Swali: Maagizo mema yawe ya namna gani?
Jibu: Yawe machache, yaseme la kufanya, na yaeleze maana yake mahali penyewe.

Swali: Zawadi ni mbaya?
Jibu: Si mbaya daima, lakini zawadi iliyoahidiwa yaweza kumfanya mtoto aache kupenda tendo ambalo alilipenda mwanzo.

Swali: Yafaa kuonyesha picha ya mtoto aliyekosa ili wengine wajifunze?
Jibu: Haifai, kwa kuwa yamwaibisha, na kuaibisha watu si adabu.

Swali: Mabango ya Marekani yalipatwa na nini mwaka 2020?
Jibu: Programu yake ilifungwa, na yale yaliyoitegemea yakanyamaza.

Swali: Ni picha gani isiyonyamaza?
Jibu: Ni mwenendo wa wakubwa, ambao watoto huuona kila siku.

8. Kazi ya juma hili

Chagueni mahali pamoja tu kijijini: kisima, kivuko, mlango wa darasa, au mahali pa kugawia chakula. Kaeni watu watatu au wanne, wakubwa kwa watoto, mwandike maagizo matatu. Yasizidi matatu. Nendeni mahali hapo mkayaonyeshe kwa matendo. Baada ya siku saba rudini mketi tena, kila mtu ajibu maswali mawili: Nimeona nani akitenda vema, na nilimwambia? Na mimi mwenyewe, je, nilingoja zamu yangu?

Asiyeweza kujibu swali la pili kwa haki asimwonye mtoto juma lile. Aanze yeye kungoja.